Mlango wa Jikoni

Kaka yangu Selim alirudi kutoka Warshawa
na ndevu changa, na maneno mapya
aliyoyanoa kipupwe kizima,
akaketi mezani petu, huku mashariki ya Polandi,
ambako msikiti wetu ni wa mbao, umepakwa kijani,
na sote tukikusanyika
hatujazi safu tatu.

Mama alikuwa anakata pai ya nyama, tabaka kwa tabaka.
Selim akamtaja jirani yetu, mzee Wasyl:
"Yule mwabudu mbao, mbusu picha,
moto utamtambua kwa harufu ya ubani."

Nikacheka.
Nalisema mapema, nisije nikajificha
nyuma ya kosa la kaka.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi;
dole huumia peke yake.
Wasyl alikuwa amesimama mlango wa jikoni,
theluji mabegani, kofia mkononi,
ameleta chupa ya asali
kama kila mwaka mwezi wetu ukiandama.
Akaiweka juu ya pipa la kabichi.
"Salamu alekum," akasema,
kwa matamshi yale yale mabovu
aliyofundishwa na baba miaka arobaini nyuma,
akaurudishia mlango taratibu
kama atokaye chumba cha mgonjwa.

Baba hakufoka. Alimaliza chai yake.
Alfajiri akamchukua Selim makaburini,
nami nikawafuata, nikikanyaga nyayo zao.

"Hapa amelala bibi yenu Felicja.
Alikufa Januari, ardhi imeganda kama chuma.
Tulivunja sululu mbili.
Wasyl akaleta kuni zake, akawasha moto juu ya udongo,
akauchochea usiku kucha hadi ardhi ikakubali.
Kisha akaniuliza: uso wake unaelekea wapi?
Nikanyoosha mkono, kusini-mashariki.
Akachimba akiufuata mkono wangu,
hakupinda hata shubiri.
Tulipoanza dua akatoka nje ya uzio,
akafanya ishara ya msalaba huko, kwenye upepo,
asije akawakera wafu wetu."

Selim akachorachora theluji kwa kiatu.
"Lakini baba, nimesema uongo?
Si haamini tunachoamini?"

"Haamini. Nami siamini anachoamini yeye,
na tumeambiana hivyo ana kwa ana, juu ya chai,
mara nyingi kuliko miaka yako.
Ukweli hupita mlango wa mbele.
Wewe umeupenyeza dirishani kama mwizi,
tena ukauongezea moto
ambao hukukabidhiwa funguo zake.
Nenda kamwambie. Lile lile, kwa sauti ile ile.
Likikataa kutoka,
basi halikuwa neno la dini. Lilikuwa lako."

Akaenda. Nilimwona kutoka dirishani:
amesimama langoni kwa Wasyl, mdomo wazi,
kinachotoka ni mvuke tu.
Mzee akampa upande mmoja wa ngazi,
wakakwangua theluji paani mpaka adhuhuri.
Walichosemezana sikijui. Selim hajasimulia,
na Wasyl ameshazikwa, ng'ambo ya barabara,
uso wake mashariki, kwa desturi yao,
Selim akiwa mmoja wa walioshika kamba.

Mimi ndiye niliyebaki na kicheko changu.
Hakuna aliyenituma nacho popote.
Asali ile niliila, kijiko kwa kijiko,
mwezi mzima wa kufuturu,
na sikuenda kugonga kwake.

Siku hizi wajukuu wakiwataja wenzao wa shule,
yule wa kanisani, yule aliyevaa hirizi,
yule anayesema hakuna Mungu kabisa,
huinuka nikaenda kufungua mlango wa jikoni.
Wanalalamika: bibi, baridi!
Nawaambia endeleeni, watoto,
semeni,
mlango uko wazi.